Usipewe, Uiangue

Tangu nirudi, kila anayepita dukani kwangu kununua uzi au vifungo anaegemea kaunta na kuuliza, "Haya, Zainabu, huko kisiwani kulikuwaje?" Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimeanza kugombana. Mmoja kasikia nilikwenda kudai shamba, mwingine kasikia nilikwenda kwa mganga. Basi naandika ili wote msome kitu kimoja, na atakayeongeza chumvi ajue ni ya jikoni kwake.

Mtanda

Mama yangu, Bi Somoe, mnamjua. Mmezoea kumwona kakaa barazani akiwauliza wapita njia habari za watu ambao wao wenyewe wamewasahau. Siku hizi miguu imemgomea, macho yameingia ukungu, na chakula anakigusa tu ili nisiseme. Alipoanza kukataa hata uji nilikaa mbele yake nikamwuliza anataka nini hasa. Nilitegemea atataja samaki fulani, au daktari mwingine. Akasema anataka nazi.

"Nazi zimejaa jikoni, mama."

"Si hizo. Nataka ya mnazi wangu. Wa Songo Mnara."

Mama alizaliwa huko, kisiwa kile kilichoko kusini ya Kilwa Masoko, chenye magofu ya mji wa kale. Alipozaliwa, babu alizika kitovu chake nyuma ya kijiji na juu yake akapanda mnazi, kama ilivyokuwa desturi yao. Mti na mtoto wakakua pamoja, na watu wakauita mnazi wa Somoe. Kisha akaolewa Lindi, akahamia hapa Mtanda, akatuzaa sisi.

Babu alipofariki nilikuwa mdogo, lakini siku ile naikumbuka. Mzee Mfaume, mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuwa akienda na kurudi kati ya kisiwa na Lindi, alisimama mlangoni kwetu na tambuu shavuni, midomo myekundu. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mzee akatafuna, akasema salamu zinatoka kwa Esha, mdogo wake mama. "Minazi ya marehemu imegawanywa. Hukuhesabiwa." Akatema, akaaga. Mama akainuka pale, akaiacha nusu ya nazi kwenye mbuzi, na siku ile tulikula mchuzi wa maji. Hakwenda kwenye arobaini ya baba yake na hakukanyaga tena kisiwani. Salamu baina yake na mama mdogo Esha zikapungua mpaka zikabaki za misiba tu, na baadaye hata hizo zikakatika.

Sasa akanishika mkono. "Nataka nijue nina kwetu au sina, kabla sijazikwa kwa watu. Esha akikupa nazi, mshukuru, uile hukohuko. Ile yangu usipewe. Uiangue."

Mimi ni mtu wa kununua nazi sokoni. Nikadhani ni ukaidi wa kizee, nikaitikia tu. Binti yangu Rukia nikamwachia bibi yake amtunze, na simu ya bibi aishike yeye, nikafunga duka.

Kitomanga

Nilipanga kufika Masoko mchana. Gari likapanga kuchemsha rejeta Kitomanga, na mpango wa gari ndio uliofuatwa. Dereva alifungua boneti akakaa pembeni na chupa ya maji kama mtu anayeuguza mgonjwa, na sisi abiria tukajitawanya vivulini.

Sina subira, mnanijua. Nilikwisha kumwuliza kondakta maswali mpaka akahamia upande wa pili wa gari. Kilichoniokoa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, na korosho za kuchoma. Ming'oko ile ilikuwa bado ina moto, ina chumvi na pilipili ya kutosha, na niliila nimesimama, bila haya.

"Unakwenda wapi, dada?" akaniuliza.

"Kisiwani, Songo Mnara."

"Mungu wangu. Kuna msiba?"

"Hapana. Nakwenda kufuata nazi."

Alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akamwita mwenzake wa ng'ambo ya barabara. "Njoo umwone huyu! Katoka Lindi anakwenda mpaka Kilwa kufuata nazi! Kwani minazi ya Lindi imegoma kuzaa?"

Nilicheka nao, maana hata mimi nilipoyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu yalikuwa ya kichekesho. Lakini nilipomweleza habari ya mama, akaacha kucheka. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Sisi huku ni mikorosho," akasema. "Baba akikupandia mti, wako. Lakini lazima uje uokote. Usipookota, mwaka wa kwanza watu wanakungoja, mwaka wa pili wanakusema, mwaka wa tatu wamekusahau. Mama yako hajaokota muda gani?"

Nikamwambia ni tangu mimi ni mtoto, na mimi sasa nina binti anayenipita kimo. Akaguna. Akachota korosho, akazifunga kwenye kipande cha karatasi, akasema nimpelekee mgonjwa. Gari likapona, tukaondoka. Zile korosho zilikwisha kabla ya Nangurukuru, na kwa kuwa mama hasomi tena, ninaandika bila hofu.

Masoko

Asubuhi yake nilishuka pwani ya Masoko nikiwa nimejiandaa kupanda boti mara moja. Boti ilikuwepo, ya fiberi, rangi ya buluu iliyobabuka, imepakiwa mabati ya msikiti, magunia ya unga na godoro la futi sita lililofungwa kamba. Nahodha, bwana mmoja mwenye sauti ya pole, alikuwa amelala juu ya magunia.

"Tunaondoka saa ngapi?" nikamwuliza.

"Maji yakijaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

Akafungua jicho moja. "Yakijaa, tunaondoka."

Nilikwenda kunywa supu ya pweza kwa mama mmoja aliyekuwa na meko karibu na mnada wa samaki, nikarudi. Maji hayakuwa yamejaa. Nikarudi tena kwa mkate wa kumimina. Nahodha akaniuliza kama mimi ni mgeni wa magofu, maana wageni wa magofu wana utaratibu wao. Nikamwambia mimi nakwenda kwa mama yangu mdogo. "Ah," akasema, "basi wewe si mgeni. Kaa juu ya mabati."

Mwenye godoro alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi kwa kila mtu isipokuwa kwangu. Alinitazama toka kandambili hadi mtandio, kisha akauliza polepole, "Umekuja kuangalia viwanja?"

"Viwanja gani?"

"Wanakuja. Wanasema wana ndugu, wanapokewa, wanakula. Kesho wanarudi na watu wa kupima."

"Mimi kweli nina ndugu."

"Wote husema hivyo," akasema, akageukia godoro lake.

Nilikasirika, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa juu ya mabati yaliyopata jua, nilikasirika pande zote mbili. Lakini neno lile nililibeba, na mtaona mbele kwamba nililibeba vibaya.

Ndani ya mikoko

Tulipita mbele ya Kilwa Kisiwani, ngome yake imesimama ufukweni, na abiria hawakuinua hata macho, walikuwa wanazungumza bei ya saruji. Baadaye mkondo ukawa mwembamba, mikoko ikatusogelea huku na huku, nahodha akainua mashine na kusukuma kwa upondo. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya maji. Hata yalipokuwa yamejaa, tulikwama mara kwa mara, na mwisho tukashushwa kwenye tope.

Tope la mikoko halina adabu. Lilinifika magotini, likanivua kandambili ya kushoto, likaimeza. Nikasimama kwa mguu mmoja nikilia na kucheka. Yule mwanamke wa godoro, godoro lake kichwani, akanyoosha mkono bila kusema neno na kunivuta mpaka nchi kavu. Kwa hiyo nilifika kwao mama yangu mguu mmoja mtupu.

Kijiji ni nyumba za miti na mawe ya matumbawe, nyingine zimeezekwa makuti, nyingine bati. Wanawake walikuwa kisimani, pweza wameanikwa kwenye kamba, mbuzi wanakwenda wanakotaka. Kila mtoto niliyempita aliniambia shikamoo, hata waliokuwa wanapigana walisimama kwanza, wakaamkia, wakaendelea kupigana. Nilijikuta nikitazama nyuso zao nikitafuta paji la uso la mama.

Nyumbani kwa Bi Esha

"Hodi!"

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Zainabu. Mtoto wa Somoe, wa Lindi."

Akatokea bibi mfupi, mwepesi, mikono ina unga wa muhogo. Paji la uso la mama nililokuwa nikilitafuta lilikuwa pale mlangoni. Nikamwamkia, hakuitikia. Akashika mwimo wa mlango.

"Somoe amekufa?"

"Hapana, mama mdogo. Yu hai."

"Yu hai?"

"Yu hai. Kanituma."

Akanipiga bega kwa ule mkono wa unga. "Sasa mbona umenitisha hivi! Marahaba, mwanangu, marahaba!" Ndipo akanikumbatia na kulia. Nikalia na mimi, nikamchafua kwa tope, naye akanichafua kwa unga, na majirani wakaja kutazama.

Tulikula ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Nazi ile ilikuwa tui la kwanza tupu, zito, na pweza kapigwa mpaka kakubali. Mwanawe, Bakari, alirudi kutoka baharini akatukuta. Ni mtu mkubwa, mcheshi, akanyoosha mkono wa kushoto kwa utani akaniuliza kama huko Lindi tunakula kwa miguu, maana nimekuja na kiatu kimoja. Nilicheka. Nilijiona nimefika. Na katika raha ile nikaropoka.

"Mama kanituma niangue nazi kwenye mnazi wake."

Mkono wa Bakari ulisimama juu ya sinia. "Uangue?"

"Ndiyo. Kasema nisipewe. Niiangue."

Akaomba maji, akanawa, na ugali ulikuwa bado haujaisha. Bi Esha akatazama chini, akasema nimechoka na safari, maji ya kuoga yapo uani. Hakuna aliyenigombeza. Lakini mazungumzo yalikwisha pale, na usiku uliingia kila mtu ana shughuli yake.

Asubuhi

Chai na mihogo vililetwa chumbani kwangu kwenye trei, vimefunikwa vizuri kwa kawa. Anayejua watu wa pwani anajua maana yake. Jana nilikula sinia moja na watu, leo naletewa peke yangu kama mgeni wa serikali. Niliutazama ule muhogo, moyo ukaniuma. Nikabeba trei langu nikatoka nalo mpaka upenuni, alikokuwa Bakari anashona nyavu na Bi Esha anachambua mchele, nikaliweka katikati yao.

"Nimekosa nini?" nikauliza.

Bakari hakuacha kushona. "Dada, huku hatununui nazi. Huku anayeangua ndiye mwenye mnazi. Mtu akija akaniambia nipe nazi, nampa kumi. Akiniambia nimekuja kuangua, kaniambia huu mti si wako."

"Nazi moja, Bakari!"

"Leo nazi, kesho shamba. Tumewaona. Na mimi nina watoto. Lile fungu lote la upande wa msikiti mimi ndiye ninayeliangua tangu nipate nguvu za kupanda."

Hapo nikakumbuka maneno ya mwenye godoro, kwamba wanaojiita ndugu hurudi na watu wa kupima, na hasira zikanipanda. Nikasema nilichokuwa nimekimeza tangu utotoni. "Mnaogopa nazi moja, na mama yangu hamkumhesabia hata moja! Baba yake alipokufa mligawana, yeye hakuhesabiwa!"

Bi Esha akaacha kuchambua mchele. "Nani alisema hakuhesabiwa?"

"Si salamu zako mwenyewe? Mzee Mfaume alikuja mpaka mlangoni. Nilikuwepo. Akasema, minazi ya marehemu imegawanywa, hukuhesabiwa."

Bi Esha aliweka ungo chini. Akaweka kiganja kwenye mdomo.

"Ha-u-ku," akasema. "Nilimwambia haukuhesabiwa. Mwambie dada minazi imegawanywa, na ule mnazi wake haukuhesabiwa. Haukuhesabiwa, Zainabu! Kwa sababu haukuwa wa baba. Baba aliutoa siku aliyozika kitovu. Utagawaje cha mtu aliye hai? Wazee walipofika pale nilisimama mimi mwenyewe nikasema, huu uruke, una mwenyewe. Wakauruka."

"Na fungu lake la urithi?"

"Ndilo hilo la upande wa msikiti. Lilitengwa siku ileile. Nikasema akija arobaini atauona mnazi wake, atalichukua fungu lake. Hakuja! Tukamngoja, hakuja. Tukasema keshapata maisha ya mjini, minazi yetu haimfai. Nikanuna. Nikasema kama kunisusa ndiko huku, na mimi nitakaa." Alianza kulia. "Mfaume na tambuu zake! Alikuwa anazungumza utadhani ana kiazi mdomoni."

Jamani, nilitaka kucheka nikashindwa, nikataka kulia nikashindwa. Kati ya hukuhesabiwa na haukuhesabiwa kuna irabu moja, nayo ilimezwa pamoja na tambuu mlangoni kwetu, na kwa ajili yake ndugu wawili wa tumbo moja wamezeeka mbalimbali. Nilimwonea uchungu mama, na hasira pia, kwamba hakuuliza hata mara moja. Bakari alikuwa ameziacha nyavu. Akachukua kipande cha muhogo kwenye trei langu, akala, na mimi nikala. Baadaye mama yake naye akanyoosha mkono.

Mnazini

Njia ya kwenda kwenye mnazi inapita ndani ya magofu. Mmeyaona kwenye picha, kuta za matumbawe, milango mirefu, vishimo vya kuwekea taa. Picha haziwaambii kwamba watu wa pale wanapita humo wakienda kutafuta kuni, na kwamba mbuzi wanapenda kivuli cha msikiti ule wa kale. Kuna makaburi ambako mtu huweka kitambaa cheupe na kuchoma ubani akiwa na shida yake. Bi Esha aliukaribia mlango mmoja usio na nyumba, akasimama, akasema hodi, ndipo akapita.

"Unampigia nani hodi, mama mdogo?"

"Wenyewe."

"Si walishakufa?"

"Wamekufa," akasema, "lakini hawajauza."

Bakari alicheka nyuma yetu. Hakuna ajuaye majina ya watu waliojenga kuta zile, wala nani alilala chumba kipi, na bado wanapigiwa hodi. Na mama yangu, mwenye jina na mtoto na simu, alikaa barazani Mtanda akiamini kwao hawamtambui. Niliona aibu juu ya jambo ambalo halikuwa kosa la yeyote aliyekuwepo.

Mnazi wenyewe uko ng'ambo ya kuta, mahali ambapo ardhi inaanza kushuka kwenda kwenye mikoko. Ni mrefu na mwembamba, umeinama kidogo, kichwani una makuti machache na nazi za kuhesabika. Lakini nilichoshangaa ni chini yake. Kulikuwa na kichaka cha minazi michanga ya kila umri, mingine inanifika kiunoni, mingine imekwisha kunipita, imesongamana bila mpango.

"Hii nani kapanda?"

"Hakuna," akasema Bi Esha. "Sisi hatuangui. Zikidondoka, tulizoziona tulipeleka msikitini, sadaka kwa jina lake. Ambazo hatukuziona zimeota."

Nikamwambia Bakari apande. Akakataa. Akasema sasa amejua mwenyewe ni nani na yu hai, kwa hiyo hapandi bila idhini yake. Simu yangu haikuwa na mtandao hata kidogo. "Huku chini haishiki," akasema. "Juu inashika." Nikamtolea namba ya kumpata Rukia, akaitia simu mfukoni mwa shati, akafunga kitanzi cha kamba miguuni, akasema bismillahi, akapanda. Mti mzee ule ulikuwa ukiyumba, na Bi Esha alikuwa akiyumba nao.

Tukaisikia sauti yake kutoka juu. "Rukia? Mimi mjomba wako Bakari, wa Songo Mnara. Mpe bibi simu. Mpe bibi!" Kisha akapaza zaidi. "Mama mkubwa, shikamoo! Bakari, wa Esha! Niko juu ya mnazi wako!"

Bi Esha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mwambie haukuhesabiwa! Sema vizuri, Bakari, usimeze! Huna kitu mdomoni?"

"Sina!"

"Mwambie mnazi! Ha-u-ku!"

"Mama anasema mnazi wako haukuhesabiwa, mama mkubwa! Mnazi! Si wewe, mnazi! Waliuruka, wakasema una mwenyewe! Na fungu lako lipo!"

Bakari akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Imekatika?" nikauliza.

"Haijakatika. Analia."

Bi Esha akakaa chini pale pale kwenye majani, kati ya ile minazi michanga. Kutoka juu Bakari alikuwa akisema, "Ndiyo, mama mkubwa. Ndiyo. Yuko hapa chini. Zainabu naye yuko." Halafu akatuita. "Anauliza kama mnazi una nazi. Nimemwambia chache. Nimemwuliza niangue? Anasema aangue Zainabu!"

Nilitazama ule mnazi, nikatazama mwili wangu. "Mwambie mimi nitavunjika kiuno!"

Akasikiliza, akacheka. "Anasema basi Zainabu ashike shina, na mimi mkono wangu uwe wake."

Nikaweka viganja vyote viwili kwenye shina. Lilikuwa na jotojoto la jua na makovu ya ngazi za zamani, na nilihisi likitetemeka Bakari alivyokuwa akizungusha nazi kikonyoni. Sikuondoa mikono mpaka iliposhuka ya kwanza, ikapiga ardhi, ikabingirika. Ikaja ya pili.

"Zatosha!" akapiga kelele kutoka juu. "Anasema zatosha. Moja ya kwake. Moja apewe mama. Anasema hivi, nitasema neno kwa neno. Mwambie Esha, nimempa."

Niliiokota ile ya pili, nikaifuta vumbi kwa mtandio, nikamletea Bi Esha. Mwanamke yule ana minazi yake, na mchuzi wake wa jana mlisikia nilivyousifu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipakata.

Mtanda tena

Ya kurudi sitayasimulia sana. Boti ilingoja maji. Yule mwenye godoro alikuwepo pwani, alikwisha sikia kila kitu kama watu wa kisiwa wanavyosikia, akanipa kandambili ya kushoto, si yangu, ya kijani. Ndiyo mliyoniona nayo.

Mama alikuwa barazani. Nikamwekea nazi magotini. Hakuuliza habari za gari wala za chakula. Aliizungusha, akaipapasa makumbi, akaitikisa sikioni kusikia maji.

"Esha aliipokeaje yake?"

"Kwa mikono miwili."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Baada ya muda akasema lile fungu la upande wa msikiti Bakari aendelee kuliangua, watoto wake wale, ila kila akipanda ajue anaangua la nani. Amekwisha zungumza na Bakari kwenye simu, na kwa habari nilizonazo Bi Esha anatafuta mtu wa kumshika mkono avuke yale matope aje Lindi. Nimemwambia asivae viatu.

Jioni ile Rukia aliifua nazi na kuipasua. Nikatoa mbuzi ili nikune, maana mikono ya mama inatetemeka na haijashika mbuzi siku nyingi. Mama alinisikia nikikaa. Akashuka kwenye kiti kwa kushika ukuta, akanipapasa bega, akanisukuma kando.

"Ondoka hapo," akasema. "Nakuna mwenyewe."